Koti la Kupigiwa Picha

Panya alikuwa amezalia ndani ya mkono wa koti. Nilipoingiza vidole ili niugeuze ule mkono, nikashika kitu chenye joto, chenye kusogea, na kabla sijajua ni nini vikanidondokea mapajani: vitoto vitano vya panya, vyekundu, havina manyoya, macho yamefumba. Nilipiga yowe nikaruka. Quinter alicheka mpaka akajishika mbavu. Kisha tukafungua gunia la pili, na kicheko chake kikaisha.

Tulikuwa kwenye stoo ya kanisa, Busia mjini, tukichambua makoti ya mvua waliyotoa waumini. Mimi naitwa Anyait, fundi wa nguo. Cherehani yangu iko kwenye baraza la duka la vifaa vya ujenzi, njia ya kuelekea mpakani. Quinter anauza samaki sokoni, na hana mchezo na mtu. Sote wawili tulikuwa kwenye kamati ya akina mama iliyoamua, mvua za mwezi wa nne zilipoanza, kwamba watu wanaolala nje wasiendelee kunyeshewa kama mbuzi waliosahauliwa malishoni. Wazo lilikuwa langu. Kila asubuhi nilipofika kazini nilimkuta mzee amejikunja kando ya cherehani yangu, ukuta umeloa, sakafu imeloa, na yeye mwenyewe ameloa kama kitambaa cha kupigia deki. Nilichoka kumruka ili nifungue kazi.

Tulitangaza kanisani Jumapili tatu. Magunia yakaja kumi na moja. Nilipoyaona yamepangwa ukutani moyo wangu ulijaa. Nikasema kumbe watu wana huruma, ni kuambiwa tu.

Gunia la pili lilikuwa na koti lenye matapishi yaliyokauka kifuani. Chini yake kulikuwa na gambuti nane, zote za mguu wa kushoto. Mwavuli ulibaki mbavu tupu. Suruali ya mvua ilikuwa imetandikwa kwenye banda la kuku, mavi yameganda juu yake kama plasta ya ukuta. Gunia la tano lilikuwa limefungwa likiwa na maji, na lilipofunguka harufu yake ikatupiga usoni, tukatoka nje mbio, Quinter akashika nguzo akatema mate mara tatu.

Lakini si uvundo ulionichefua zaidi. Ni kwamba mengine niliyajua. Koti moja la kijani lilikuwa la mama anayekaa kiti cha mbele kila Jumapili, mama ambaye namshonea magauni ya sherehe. Nililitia zipu mwaka juzi, na nilimwambia waziwazi kwamba limekwisha, alitupe. Hakulitupa. Alingoja mpaka akapata mahali pa kulitupa na aitwe mkarimu.

Mama Beryl, mwenyekiti wetu, akaja saa tano. Ni mwanamke mwenye sauti nzuri ya kuongoza watu na simu mbili ambazo hazinyamazi. Alisimama mlangoni, leso puani, hakuvuka kizingiti.

"Osheni tu," akasema. "Zitakauka."

"Hii nayo tuoshe?" Nikamwinulia ile suruali ya kuku.

"Anyait, wewe una kinyaa sana. Hao watu wanakula jalalani. Mtu wa barabarani hachagui."

"Mama Beryl," Quinter akasema, "mimi sitampa mtu kitu ambacho siwezi kumfunika nacho mbwa wangu."

Mama Beryl akatabasamu kama mtu aliyekuwa ameficha zawadi mgongoni. Alisema tusijali. Amempata mfadhili. Mfanyabiashara aitwaye Hillary Ochuodho, ambaye kila mtu alijua anatamani kiti kwenye uchaguzi ujao, alikuwa tayari kutoa makoti mapya arobaini. Tutagawa Busia siku moja, Malaba siku nyingine. Kazi yetu ni kuwatafuta wahitaji na kuwapanga.

Tuliyachoma yale magunia nyuma ya kanisa. Moshi wake ulikuwa mweusi na mzito, na kwa siku mbili nzima nilipoweka chakula mdomoni nilisikia ladha yake.

Makoti ya Ochuodho yalikuja kwenye maboksi. Manjano, mazito, yana kofia na vifungo vya chuma, na mgongoni jina lake kwa herufi nyeusi kubwa kuliko mkono wangu. Jina sikulipenda, lakini koti lilikuwa koti. Nikasema heri mtu awe mkavu na jina la mwingine mgongoni kuliko aloe na mgongo wake mwenyewe.

Kwa kuwa yalikuja ya saizi tofauti, nilizunguka mji na futi yangu nikiwapima watu, ili mnene asipewe la mwembamba. Nilianza na yule wa barazani kwangu. Jina lake Osukuku. Zamani alivuta mkokoteni wa magunia hapo mpakani, mpaka siku gunia la saruji lilipomwangukia kiunoni. Nyumba ya kupanga ikamshinda, watoto wakaenda njia zao, na baraza langu likawa kwake.

"Simama, mzee, nikupime mabega."

Akasimama. Nilimzungushia futi kifuani, uso wangu ukawa karibu na shingo yake, na nikashindwa. Ilikuwa harufu ya nguo ambayo haijavuliwa tangu mwaka jana, mkojo, na kidonda mahali fulani ambacho sikukiona. Niligeuza uso nikakohoa kikohozi cha uongo.

"Pima kwa mbali, mama fundi," akasema polepole. "Mimi mwenyewe najisikia harufu."

Niliona aibu. Nikarudi karibu, nikampima sawasawa, mabega, mikono, urefu, nikaandika. Alisimama wima muda wote, kidevu juu, kama mtu anayeshonewa suti ya harusi ya mwanawe.

Siku ya kugawa Busia, watu ishirini na watano tuliowaorodhesha waliambiwa wafike uwanjani saa tatu asubuhi. Walifika saa mbili. Osukuku alikuwa amenawa uso na kuchana nywele. Kulikuwa na hema kubwa jeupe lenye viti vya wageni na maua ya plastiki. Kwa wale wahitaji wenyewe kulikuwa na kamba iliyovutwa kwenye nyasi, wasimame nyuma yake.

Saa nne mvua ikaja. Mvua ya Busia haiombi ruhusa. Unasikia inakimbia juu ya mabati upande wa Uganda, na kabla hujageuka imekufikia. Nilikimbia kwenye pikap yalikokuwa makoti, chini ya turubai. Nikamwambia dereva, kijana mpole aitwaye Willis, afungue nyuma.

"Nimekatazwa, mama. Ati mpaka mgeni afike."

Nikamwendea Mama Beryl ndani ya hema. "Watu wananyeshewa na makoti yako pale hatua ishirini!"

"Wakivaa sasa mgeni atawavisha nini?"

"Basi waingie humu ndani ya hema."

Akatazama viti vyenye vitambaa vyeupe. "Na harufu, Anyait? Kuwa na akili."

Walisimama mvuani muda wa zaidi ya saa moja, nyuma ya kamba, wakisubiri kupewa vitu vya kuwakinga na mvua. Wageni walikula sambusa. Mmoja alifuta mafuta ya midomo akatupa karatasi upande wa ile kamba, na mwanamke mmoja wa kwenye mstari akainama akaiokota, akaitazama, akaiweka mfukoni. Nilitamani ardhi inimeze.

Ochuodho alifika mvua ikiwa imepungua. Alikuwa mtu wa maneno matamu, nguo safi, viatu ambavyo vijana wake walivitandikia mbao ili visiguse tope. Wapiga picha wakaingia. Akamvisha wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha akachoka, waliobaki wakavishwa na vijana. Makoti makavu juu ya nguo zinazochuruzika maji. Akachagua wa kukaa karibu naye kwenye picha kubwa, akamchagua Osukuku kwa sababu ya mvi zake. Akamwekea mkono begani.

"Tabasamu, mzee wangu!"

Osukuku akatabasamu. Alikuwa amefurahi kweli. Alishika ukosi wa lile koti kwa vidole viwili, akiusikia.

Picha ilipokwisha Ochuodho akarudisha mkono wake, akaunyoosha kando mbali na mwili, na kijana wake akamwagia dawa ya kuua vijidudu. Akasugua kiganja, kidole kimoja kimoja, mbele ya Osukuku, huku akiendelea kuzungumza na wageni. Hakuwa na haja hata ya kujificha. Mtu hujificha kwa mtu, si kwa kitu.

Gari lake lilipoondoka, Mama Beryl akanishika kiwiko.

"Sasa kusanyeni."

"Tukusanye nini?"

"Makoti. Kesho ni Malaba na maboksi yaliyobaki hayajazi picha. Mheshimiwa anataka arobaini yote yaonekane. Hawa watapata yao baadaye, yataagizwa."

Nilimtazama mdomo. Nilidhani sijasikia.

"Mama Beryl, wamevaa."

"Si ndiyo wavue? Watu wanakujua, wanakuamini. Wakianza vijana itakuwa vurugu, itatoka mitandaoni, kamati nzima ichafuke. Fanya haraka kabla hawajatawanyika."

Hapa ndipo ningependa kusema kwamba nilikataa. Sikukataa. Vijana wa Ochuodho walikuwa sita, wameanza kuwazunguka watu kama watu wanaozungushia kuku wigo. Nikajidanganya kwamba mkono wangu utakuwa laini kuliko wao. Nikaenda. Nikasema maneno niliyopewa: yanapelekwa kuandikwa namba, yatarudi. Baadhi waliyavua kimya, kama watu wanaojua mwisho wa hadithi tangu mwanzo. Yule mwanamke wa karatasi ya sambusa alilivua lake, akalitupa matopeni, akalikanyaga. Osukuku hakuvua. Alishika vifungo kwa mikono yote miwili.

"Hili ni langu," akasema. "Umenipima."

"Litarudi, mzee."

"Lini?"

Kijana mmoja akaja nyuma yangu. Nikajua akifika atamvuta. Kwa hiyo nilifungua mimi. Nilivitoa vidole vyake kwenye kifungo, kimoja baada ya kingine, vidole baridi vilivyokunjamana kwa maji, na nikalivua koti kutoka mabegani mwa mzee wa umri wa baba yangu, na mvua ilikuwa imeanza tena.

Nyumbani nilinawa mikono kwa sabuni ya kufulia, nikanawa tena. Ugali ulinikaa mbele ukapoa. Harufu niliyokuwa nayo haikuwa ya Osukuku.

Asubuhi yake baraza langu lilikuwa tupu. Kipande cha boksi alicholalia hakikuwepo, wala chupa yake ya maji. Tangu nianze kazi pale sikuwahi kufika nikakuta sakafu wazi namna ile. Nilisimama hapo mpaka Willis akapiga honi. Alikuwa na Quinter tayari, na makoti arobaini nyuma, tuyapeleke Malaba tuwapange watu. Mama Beryl na mgeni wangefika saa sita.

Mpaka tulipopita Alupe Quinter alikuwa amenigeuzia kisogo.

"Sema," nikamwambia.

"Niseme nini? Jana niliondoka mapema kuuza samaki, nikadhani tumefanya kitu. Jioni nasikia sokoni kwamba wewe ndiye umewavua."

"Ni kweli."

"Mimi nauza samaki walioharibika, Anyait? Hata siku moja. Lakini jana nilinusa mikono yangu nikadhani nimeuza."

Malaba tulikuta mvua nyembamba na foleni ya malori imenyooka mpaka macho yanachoka. Kati ya malori maji yalisimama meusi kwa mafuta, yenye maganda ya miwa na mkojo wa madereva. Watu tuliowafuata walikuwa wamejibanza kwenye ukuta wa ghala lililofungwa: ishirini na watatu, wengine walioletwa na malori wakaachwa, wengine waliofukuzwa kwao, mama mmoja na binti yake mkubwa asiyeweza kutembea. Wote walikuwa wameloa.

Mwanamume mrefu, mwembamba, akasimama tulipokaribia. Alijitambulisha kwa jina la Emong, mtu wa upande wa Moding. Alikuwa akipakua malori mpaka kifua kikamsumbua. Alinisalimia kwa lugha yetu, Kiteso, "Yoga noi," na nilipoitikia akanitazama vizuri.

"Dada, niulize. Haya makoti ya leo ni ya kuvaa, au ni ya kupigiwa picha?"

Habari zilikuwa zimefika kabla yetu. Bodaboda wa Busia hawalali na habari.

Niliwaangalia. Yule mama alikuwa amemfunika binti yake kwa gunia la nailoni, na nailoni ilikuwa imetoboka, na alikuwa akiweka kiganja juu ya tundu. Basi.

"Ya kuvaa," nikasema. "Willis, fungua."

Quinter akanivuta kando. "Ngoja. Umewavua wa Busia, sasa unawapa wa Malaba. Hiyo ndiyo haki yako? Tugeuze gari turudi."

Alisema kweli. Nilimwambia tukigeuka tutakutana na Mama Beryl njiani na makoti yatarudi mikononi mwake. Nilimwambia hawa wako hapa na mvua iko hapa. "Tuwape hawa ishirini na watatu. Yatakayobaki turudi nayo kwa njia nyingine. Hayatoshi, najua. Nitafanya nini na kitu kisichotosha?"

Quinter akafikiri. Kisha akapanda nyuma ya pikap mwenyewe, akaanza kurusha makoti.

Hatukuwapanga. Hatukusema hotuba. Nilimvalisha yule binti mwenyewe, nikamfunga kofia chini ya kidevu. Nikawaambia watu wote: tawanyikeni, nendeni mbali na hapa, msirudi mpaka jioni, na mtu akiwaambia mvue, kataeni.

"Na wewe?" Emong akauliza.

"Mimi nina kwangu."

Makoti kumi na saba yaliyobaki tuliyapeleka kwa mama mmoja muuza chai, rafiki wa Quinter, akayaficha chini ya magunia ya makaa. Kisha tukakaa uwanjani mbele ya lile ghala kungoja.

Saa sita na nusu magari matatu yakaja. Ochuodho akashuka, mbao zikatandikwa, akatazama uwanja mtupu. Mvua ilikuwa imekatika na nzi walikuwa wamerudi.

"Watu wangu wako wapi?" akauliza.

"Wameenda," nikasema.

"Na makoti?"

"Wameyavaa."

Mama Beryl alinivamia kwa maneno. Sitayaandika yote. Aliniita mwizi, akaniita mshamba, akasema nimemwaibisha mbele ya Mheshimiwa. Mimi nilimtazama mdomo wake ukifunguka na kufumba, na sikusikia hasira.

Lakini Ochuodho hakupiga kelele. Aliangalia saa. Akamwambia kijana wake, "Mpiga picha yuko hapa. Tusipoteze siku."

Na mbele ya macho yetu wakaanza. Vijana wakaenda kituo cha bodaboda wakarudi na wanaume kumi, watu wenye nguvu zao, wamekula wakashiba. Wakaambiwa wavue viatu. Wakaambiwa wapake tope miguuni na kidogo usoni. Makoti ya manjano yalikuwa hayapo, kwa hiyo walinzi na vijana wa msafara wakavua yao wenyewe, jaketi za mvua nzuri za bei ya juu, wakawavisha. Bodaboda mmoja mwenye mashavu manono alikuwa akicheka.

"Wewe, usicheke," mpiga picha akamwambia. "Kunja uso. Fikiria umelala njaa."

Akakunja uso. Ochuodho akamwekea mkono begani. Mama Beryl, ambaye dakika tano nyuma alikuwa akitetemeka kwa hasira, alichuchumaa kando akamwongezea mwanamume mmoja tope kwenye kifundo cha mguu, kwa uangalifu, kama anayemtengeneza bibi harusi. Akasogea nyuma akatazama kazi yake.

Niliinama kando ya gurudumu la pikap nikatapika. Chai, mkate, vyote. Quinter alinishika kichwa. Nilipoinuka, Ochuodho alikuwa akitazama upande wangu, na usoni mwake niliona kitu nilichokijua vizuri: alikuwa akiniona mchafu.

Picha ile ilitoka jioni hiyo hiyo. Watu waliisifu. Jumapili iliyofuata jina langu na la Quinter yalikuwa yameondolewa kwenye kamati, na akina mama wa viti vya mbele wakaacha kuleta magauni kwangu. Willis alifukuzwa udereva. Kuhusu wale wa Malaba, nilisikia kwamba wawili waliuza makoti yao siku ya pili, na kuna mama mmoja aliyenijia makusudi kuniambia hilo, anione nitakavyojisikia. Nikamwambia kama ni lao wana haki ya kuuza, kama yeye alivyokuwa na haki ya kutupa lake la kijani.

Yale kumi na saba yaliletwa Busia kwa matatu, yakiwa na vumbi la makaa. Quinter na mimi tuliwatafuta wenyewe mmoja mmoja. Yule mwanamke aliyelikanyaga lake alilipokea bila shukrani wala tusi, akaligeuza ndani nje ili jina lisionekane, akavaa. Waliobaki bila kitu walikuwa wanane, na kuwaambia hakuna lilikuwa jambo gumu kuliko lolote nililofanya siku zile, ukiondoa moja.

Osukuku nilimpata siku ya nne, nyuma ya soko, chini ya meza ya mtu. Alikuwa akikohoa. Nilimtolea koti la saizi yake.

Hakuligusa.

"Mimi nimevuliwa na watu wengi, mama fundi," akasema. "Mwenye nyumba alinivua. Tajiri wa mkokoteni alinivua. Lakini hao hawakuwa wamenipima kwanza."

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Omba. Lakini hilo sivai. Mpe mwingine."

Nilikaa kwenye kreti tupu kando yake. Harufu ilikuwa ile ile, labda imezidi, na kikohozi chake kilitoa kitu cha kijani alichokitema karibu na kiatu changu. Sikugeuza uso. Nilimwambia nampeleka zahanati. Alibisha. Quinter alipokuja na kumfokea kwa Kijaluo, ambacho mzee hakielewi, alikubali.

Alipewa dawa, na sindano kwa siku tano. Nilimpeleka kila siku, na njiani hakuzungumza nami. Siku ya tano tulipita mahali dereva mmoja wa lori alipokuwa amelitupa turubai lake, limechanika katikati lakini kingo zake nzima, kitambaa kizito cha kijivu. Niliomba, nikapewa. Osukuku alitazama nikilikunja.

"La nini?"

"Lile koti lako nilimpa mwingine. Bado kuna watu saba."

"Wanane," akasema.

Cherehani yangu haikuweza kitambaa kile. Sindano ya kwanza ilivunjika, na ya pili. Nilienda kwa fundi viatu nikaazima sindano nene na nta, nikashona makoti kwa mkono, vidole vikatoka damu. Sina sifa ya kujipa hapo. Kazi haikuwepo, magauni yalikuwa yameondoka, na mikono yangu ilihitaji kitu.

Zamu ya kukata la Osukuku ilipofika nilimwita. Alikuja mpaka ukingo wa baraza akasimama.

"Nina vipimo vyako," nikasema.

"Hivyo ni vya zamani. Nimekonda." Akapanda ngazi, akanyoosha mikono. "Pima upya. Na ukosi uwe mrefu, upepo wa huku unaingia shingoni. Na usiandike kitu mgongoni."

"Sitaandika."

"Hata jina langu."

Nikachukua futi.